Charles Stark Draper, mutu aliyefundisha ndege kujua njia bila kuangalia inje

Mu mwaka wa 2024, MONUSCO ilitangaza kama alama za GPS zinavurugwa mu sehemu fulani za Kivu ya Kaskazini. Hiyo ikitokea, chombo cha piloti kinaweza kunyamaza, ao kibaya zaidi, kinaweza kumuonyesha kama iko pahali pengine kabisa. Kwa wakaaji wa Goma, Masisi ao Walikale, hiyo haiko habari ya mbali. Kuna maeneo ambako barabara zimefungwa, na ndege ndiyo njia pekee ya kupitisha dawa na kuondoa wagonjwa.

Swali likabaki: bila satelite, ndege ao droni inaweza kujua namna gani iko wapi? Jibu ni la zamani kuliko GPS yenyewe. Mutu aliyelitafuta maisha yake karibu yote ni Mumarekani mumoja, jina lake Charles Stark Draper. Wanafunzi wake walikuwa wanamuita tu Doc.

Mutoto wa munganga wa meno

Draper alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka wa 1901, mu muji mudogo wa Windsor, jimbo la Missouri, katikati ya Marekani. Baba yake alikuwa munganga wa meno. Kijana alianza chuo kikuu akiwa bado mudogo, mu 1917, kisha akahamia chuo cha Stanford, huko California. Mu 1922 alitoka na diploma ya saikolojia, maana yake elimu ya akili na tabia za watu. Hakuna mutu angefikiri kama huyo kijana ndiye siku moja atapeleka watu ku mwezi.

Inasemekana rafiki yake mumoja alikuwa anaenda na motokari upande wa mashariki kusoma Harvard, Draper akapanda naye. Walipofika, aliona majengo ya chuo kingine kule jirani, chuo cha ufundi cha Massachusetts, kinachojulikana kwa jina la MIT. Akaingia, na hakutoka tena kwa miaka makumi. Alipata diploma ya kemia ya umeme mu 1926, ingine mu 1928, na udaktari wa fizikia mu 1938. Alifuata masomo mingi sana mpaka walimu wakaanza kuuliza kama ataacha kuandikisha siku gani. Mu ule mwaka wa 1938 pia alioa Ivy Willard, na wakazaa watoto wane.

Kitu kilichomushika roho ni ndege. Jeshi halikumufanya kuwa piloti, basi akajifunza mwenyewe ku masomo ya raia. Huko angani aliona tatizo ambalo mapiloti wote walikuwa wanajua. Ukiingia mu wingu, mwili wako unakudanganya. Masikio yanakuambia kama unaruka sawasawa, kumbe ndege imeinama na inashuka. Mapiloti wengi walikufa vile, ndege zao zikiwa nzima. Mu 1929, piloti Jimmy Doolittle, ambaye naye alikuwa amesoma MIT, alipaa, akazunguka na kutua akiwa amefunikwa asione inje, akifuata tu vyombo. Draper alielewa kama piloti hana shida ya ushujaa. Shida yake ni vyombo vinavyosema kweli.

Gurudumu linaloogelea

Chombo alichochagua kinaitwa jiroskopu. Mutu anaweza kuielewa akishika gurudumu ya baiskeli kwa mikono miwili, kisha mwingine aizungushe mbio sana. Ukijaribu kuinamisha ile gurudumu, inakataa. Inapenda kubaki imeangalia upande ule ule. Kama ukiiweka ndani ya ndege, ndege inaweza kugeuka vile inataka, gurudumu itaendelea kukumbuka upande wa kwanza. Mufaransa Léon Foucault ndiye aliipa hilo jina mu 1852.

Tatizo lilikuwa msuguano. Pahali gurudumu inashikiliwa, vyuma vinasuguana, na ule msuguano mudogo unaivuta polepole mpaka inasahau upande wake. Draper na watu wake wakapata dawa: waliifunga gurudumu ndani ya kopo, na lile kopo wakaliweka ndani ya maji mazito, yenye uzito uliopimwa vizuri mpaka kopo likaelea kabisa, halipande na halizame. Sasa vyuma havikubeba tena uzito karibu wowote. Hiyo jiroskopu inayoelea ndiyo ilifanya jina lake lijulikane kati ya maenjenieri.

Kazi ya kwanza ya hiyo elimu ilikuwa ya vita. Mu Vita ya pili ya dunia, ndege za Japani zilikuwa zinashambulia mashua za Marekani, na askari wa mizinga walikuwa wanapiga pahali ndege iko, kumbe risasi inafika wakati ndege imekwisha kupita. Draper alitengeneza chombo cha kulenga, kinachoitwa Mark 14, ambacho kilikuwa kinapima namna muzinga unageuka na kuonyesha pahali ndege itakuwa. Vilitengenezwa makumi ya maelfu. Laboratwari yake mu MIT ikakuwa kubwa sana, na pesa nyingi zilikuwa zinatoka ku jeshi.

Sanduku lililofungwa

Kisha vita, Draper alijiwekea lengo ambalo wengi waliona kama ndoto: ndege ijue pahali iko bila redio, bila nyota, bila kuangalia chini, bila kuuliza mutu.

Fikiria mutu aliyefungwa macho ndani ya gari kutoka Bukavu kwenda Uvira. Haoni kitu, lakini mwili wake unasikia kila kitu: gari linakaza mwendo, linapunguza, linapiga kona upande wa kushoto. Kama angekuwa na kichwa cha kukumbuka na kuhesabu kila mutikisiko na kila kona, angeweza kusema kila dakika wamefika wapi. Hivyo ndivyo mashini ya Draper ilikuwa inafanya. Jiroskopu tatu zilikuwa zinasikia kona, na vyombo vingine vitatu vilikuwa vinasikia mwendo ukiongezeka ao kupungua. Hesabu moja ya ile mitikisiko inatoa mwendo, na hesabu ya pili inatoa njia iliyokwisha kupita.

Mwanafizikia mukubwa George Gamow alipinga. Alisema chombo kilichofungwa ndani ya sanduku hakiwezi kutofautisha uzito wa dunia na musukumo wa moteri, basi hakitajua chini iko upande gani. Hoja ilikuwa ya nguvu. Lakini tangu 1923 Mujerumani Max Schuler alikuwa ameonyesha njia: ukitengeneza mashini ifanye sawa na bembea inayokwenda na kurudi mu dakika 84, musukumo hautaivuruga tena, itaendelea kuelekea katikati ya dunia. Draper alishika hiyo njia.

Mashini yake ya majaribio ya mwaka wa 1949 ilikuwa bado inajisaidia kwa kuangalia jua. Ile iliyofuata, SPIRE, haikuangalia kitu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya tani moja. Tarehe 8 mwezi wa 2 mwaka wa 1953, waliipakia ndani ya ndege kubwa ya jeshi, B-29, karibu na Boston. Mapiloti walipandisha ndege, kisha wakaachia mashini usukani. Ndege ikavuka Marekani yote, kutoka bahari ya mashariki mpaka karibu na bahari ya magharibi, kilometre kama 4 000, zaidi ya mara mbili ya njia ya angani kutoka Goma mpaka Kinshasa. Ilifika Los Angeles kisha masaa kama 12. Draper mwenyewe alikuwa ndani.

Hata hivyo alijua ugonjwa wa lile sanduku. Ukikosea kidogo tu kupima mutikisiko, hilo kosa linazaa mwendo wa uongo, na mwendo wa uongo unazaa kilometre za uongo. Kila saa inayopita, kosa linakuwa kubwa. Mashini iliyofungwa haiwezi kujirekebisha, kwa sababu haina mutu wa kuiambia kama imepotea.

Kusikiliza mashahidi wengi

Mu mwezi wa 5 mwaka wa 1961, serikali ya Marekani iliamua kupeleka watu ku mwezi. Moja kati ya kazi za kwanza kabisa za ule mupango, kazi ya kuongoza chombo, ilipewa laboratwari ya Draper. Watu wengine mu serikali walikuwa na mashaka, na Draper akajibu kwa namna yake: aliandika barua akiomba aende mwenyewe. Alikuwa na miaka 60. Hawakumupeleka, lakini walielewa kama anaamini kazi yake.

Ku njia ya mwezi, sanduku peke yake halikutosha. Safari ilikuwa ya siku tatu, na kosa lilikuwa na muda wa kukuwa. Basi walitia pamoja mashahidi wengi. Jiroskopu na wenzake walikuwa wanasikia kila mutikisiko. Kioo cha kuvuta mbali kilikuwa kinawasaidia wasafiri kupima nyota. Antena za chini duniani zilikuwa zinapima umbali wa chombo, na NASA iliamua kama hizo antena ndizo zitasikilizwa kwanza. Ku kushuka, kulikuwa radari ya kupima urefu. Ordinatere ndogo ya kilo kama 32 ilikuwa inapokea hizo habari zote.

Lakini mashahidi wakipingana, nani aaminiwe? Hapo ikaingia hesabu ya Rudolf Kálmán, mutu aliyezaliwa Hungaria, aliyoitangaza mu 1960. Mwenzake Stanley Schmidt wa NASA aliona kama inafaa kwa safari ya mwezi, na Richard Battin, mu laboratwari ya Draper, alitengeneza njia inayofanana nayo.

Wazo lake linaweza kueleweka na kila mutu aliyesafiri usiku juu ya Ziwa Kivu. Kapiteni anatoka Goma kwenda Bukavu. Anajua mwendo wa mashua na masaa yaliyopita, basi anakadiria pahali iko. Kila saa, hayo makadirio yanapunguka nguvu. Kisha anaona taa upande wa kisiwa cha Idjwi. Kama taa ni safi na anaijua, anaiamini sana na anarekebisha njia. Kama kuna ukungu na taa inaonekana vibaya, anarekebisha kidogo tu, na anaendelea kuamini hesabu yake. Hesabu ya Kálmán inafanya hivyo hivyo kwa namba: kila chombo kinasikilizwa kulingana na namna kinazoea kukosea, na ule uzito unabadilika kila wakati.

Mu mwezi wa 12 mwaka wa 1968, hiyo akili iliokoa safari ya Apollo 8. Wakati wa kurudi, Jim Lovell aligusa namba isiyofaa, na ordinatere ikafikiri kama chombo kingali chini duniani kabla ya kuruka. Sanduku likasahau upande wake. Lovell akatafuta nyota, akapima Rigel na Sirius, na chombo kikakumbuka tena. Shahidi mumoja alianguka, mwingine akamusimamisha.

Tarehe 20 mwezi wa 7 mwaka wa 1969, Apollo 11 ilikuwa inashuka ku mwezi. Radari ilipoanza kuona udongo, ilitoa urefu tofauti na ule wa ordinatere: karibu mita 900 za tofauti. Ordinatere haikuruka mara moja upande wa radari, kwa sababu radari ya juu sana inaweza kudanganya. Watu wa Houston waliangalia kwanza namba, wakaona zinatulia, kisha Buzz Aldrin akaruhusu. Kadiri walivyokuwa wanashuka, radari ilipewa uzito zaidi, na tofauti ikaisha polepole. Wakati huo huo, ordinatere ilikuwa inapiga alama za hatari kwa sababu kazi zimeizidi, lakini ilikuwa imetengenezwa iache kazi ndogo na kulinda zile za lazima. Watu wawili wakatua wazima.

Upande mwingine wa kazi

Kazi ile ile ilikuwa na uso mwingine. Jiroskopu za Draper hazikuongoza tu wasafiri wa mwezi. Ziliongoza makombora ya Polaris, yanayotoka ndani ya mashua zinazotembea chini ya maji, yakibeba bomu za atomike. Kombora haliwezi kuuliza njia, na adui hawezi kuvuruga sanduku ambalo halisikilize kitu cha inje. Ndiyo maana jeshi lililipia.

Mu 1969, wakati vita ya Vietnam ilikuwa inaendelea, wanafunzi na walimu walifanya maandamano mbele ya laboratwari. Walikuwa wanauliza kama chuo kinaruhusiwa kutengeneza vyombo vya kuua watu wengi. Draper hakuona hivyo. Kwake, inchi ilikuwa inahitaji ulinzi, na serikali iliyochaguliwa ndiyo inaamua vyombo vitatumika namna gani. Inasemekana alikuwa anaongea na waandamanaji bila hasira. Lakini chuo kilimuondoa ku ukubwa wa laboratwari, na yeye mwenyewe aliambia watu kama amefukuzwa. Mu 1970 laboratwari ilipewa jina lake, na mwaka wa 1973 ilitengwa kabisa na MIT. Wenye kupinga walipata nusu ya walichotaka: chuo kilinawa mikono, lakini kazi ya makombora iliendelea ku barabara ya jirani. Draper naye aliendelea kufika pale ku kazi mpaka uzee.

Mpaka hapo, ndege za raia zilikuwa zimekwisha kuchukua sanduku lake. Boeing 747 za wakati ule zilikuwa na matatu. Tarehe 1 mwezi wa 9 mwaka wa 1983, ndege moja ya Korea ya Kusini iliyotoka Alaska iliacha njia, ikaingia mu anga ya Umoja wa Kisovieti, ikapigwa. Watu 269 wakafa. Uchunguzi wa OACI ulionyesha kama vyombo havikuharibika, lakini usukani haukuwa umeunganishwa navyo, na mapiloti hawakutambua. Shahidi mwema alikuwa ndani ya ndege, na hakusikilizwa. Kisha ile ajali, rais Ronald Reagan alitangaza kama GPS ya jeshi, ikimalizika, itafunguliwa kwa ndege za raia.

Draper alikufa tarehe 25 mwezi wa 7 mwaka wa 1987, akiwa na miaka 85. GPS haikuwa bado kamili. Ilikamilika mu 1995.

Kilichobaki

GPS ilikuwa rahisi mpaka watu wakasahau mashahidi wengine. Lakini alama yake inatoka kilometre 20 000 juu, inafika chini ikiwa zaifu sana, na mashini ndogo ya redio inatosha kuizima ao kuidanganya. Goma inajua droni tangu zamani: tarehe 3 mwezi wa 12 mwaka wa 2013, ONU ilirusha hapo droni zake za kwanza za uchunguzi. Leo, wenye kutengeneza droni na roboti ulimwenguni wanarudi ku njia ya Apollo.

Jiroskopu iliyokuwa ndani ya sanduku la tani moja sasa iko ndogo kuliko ukucha, ya silisiumu. Laboratwari ya Draper ilikuwa kati ya za kwanza kuitengeneza. Iko ndani ya telefone nyingi. Ni ya bei ndogo, basi inakosea upesi, wakati mwingine mu dakika moja tu. Ndiyo maana droni inawekewa wenzake: kamera inayofuata mawe na miti chini, chombo cha kupima urefu kwa hewa, busole, ao mwangaza wa laser, na hesabu ya Kálmán inawapatanisha.

Kila mumoja ana udhaifu wake. Kamera haioni kitu cha kushika juu ya maji ya ziwa ao usiku. Busole inavurugwa na chuma, na hata na mawe ya volkano sawa yale ya Nyiragongo. Urefu wa hewa unabadilika mvua ikikaribia. Nguvu ya droni inategemea kama hawa wote hawakosee kwa sababu moja na kwa wakati mumoja.

Chama cha maenjenieri wakubwa wa Marekani kinatoa zawadi yenye jina la Draper. Mu 2003 ilipewa Ivan Getting na Bradford Parkinson, watu wa GPS. Miaka mitano kisha, mu 2008, ilipewa Rudolf Kálmán.